Daftari la Tangawizi

"Cheti kinasema unga wa tangawizi. Hakisemi ulitengenezwaje," alisema mkaguzi wa mimea pale mpakani. "Bila maelezo hayo, mzigo unarudi ulikotoka."

Viroba arobaini, jasho la dada yangu la mwaka mzima!

Ndipo nikakumbuka daftari alilonitilia mkobani kwa nguvu. Dada huandika kila kitu: siku ya kuosha, ya kumenya, ya kukausha, ya kusaga, hata joto la tanuri. Siku zote nilimcheka: "Unamwandikia nani, dada? Tangawizi haisomi."

Mkaguzi alifuata mistari kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, juu ya alama za njano za vidole vya dada. Akapiga chafya. Akachukua muhuri.

Nilimpigia dada simu palepale.

"Dada," nilisema, "amepatikana wa kusoma."