Tundu la Ukutani

Kabla hajapiga hodi kwa wazazi wake, fundi gesi aliona uzi mwekundu ukining'inia ukutani. Tundu la hewa alilolitoboa mwenyewe, nyuma ya hita ya gesi aliyowafungia, lilikuwa limezibwa.

Aliuvuta. Likatoka sweta lake la utotoni, limeshindiliwa kwa nguvu kama pamba kwenye mto.

"Mama! Nani kaziba hapa?"

"Mimi." Mama alikuwa uani, anaanika nguo. "Unatuwekea moto, halafu unatoboa ukuta baridi iingie? Si kutia maji kwenye pakacha huko?"

"Hita inawaka?"

"Tangu jana jioni. Mimi nililala chumbani, lakini nimeamka kichwa kinanigonga, nikaona nitoke nipunge hewa."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Kitasa kilikuwa na joto.

"Baba yuko wapi?"

"Taratibu, mwanangu, usije ukamshtua," mama alisema, akikung'uta shati la mzee. "Amelala palepale kwenye kiti, mbele ya hita. Nimemwita kwa chai mara mbili, hata kujigeuza hakujigeuza. Ule usingizi wake wa mang'amung'amu, leo umekwisha."