Njia Aliyoitoa Baba Aikande

Siku hizi faini ya barabarani hailipwi kwa fedha. Mahakama inakufutia kichwani njia moja, unayoichagua mwenyewe, na wengi hutoa njia wasiyoihitaji tena, kama ile ya kwa mchumba aliyewaacha.

Jumapili hiyo, kwenye njia panda, Elinaja akiwa amepakata maua, mumewe alisimamisha gari.

"Mama Aikande, tunapinda wapi?"

Elinaja alidhani anatania. Tangu wamzike binti yao, walipita hapo kila Jumapili. Alipomtazama usoni aliona hatanii. Akatoa simu, akafungua kumbukumbu za mahakama ya trafiki na kuandika namba ya gari lao.

Kosa: mwendo kasi. Njia iliyofutwa: makaburini. Chini yake askari alikuwa ameandika kwamba dereva alipita mbele ya kamera taratibu, akageuza gari, kisha akarudi kwa kasi.

"Baba Aikande, ulifanya makusudi?"

Mumewe aliung'ang'ania usukani. "Nilikuwa siwezi tena kuja, mke wangu. Na kukwambia nilishindwa."

Nyuma yao gari lilipiga honi.

"Shuka," Elinaja alisema. "Naendesha mimi."

Wakabadilishana viti, na maua akampakatisha mumewe. Sasa aliyeijua njia ya kwa mtoto wao alikuwa amebaki Elinaja peke yake. Mbele, juu ya nguzo, kamera ilikuwa inawatazama, na mguu wake ukaanza kukanyaga mafuta, kwanza taratibu.