Namba Tasa

Fundi wa rangi alisimamisha brashi mbele ya mlango wa chumbani. "Bibi, hii 1000003 iliyochongwa hapa ni namba ya simu?"

Bi Tunu alicheka. "Ni namba tasa, mwanangu. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Akaipapasa huku akimsimulia. Zamani, mawifi walimwita tasa na kumtaka mumewe, Mwalimu Mbaruku, aoe mwingine. Mwalimu alichukua patasi, akaichonga namba hiyo mlangoni, kisha akasema, "Tunu, mimi na wewe hatugawanyiki."

Fundi aliweka brashi chini. "Mke wangu naye wanamwita tasa."

Akachovya kidole kwenye rangi, akaanza kuinakili namba ile kiganjani, huku Bi Tunu akimsomea sufuri zake taratibu.