Kitabu cha Siwatu

Siwatu, asiyeona tangu utotoni, alikitunga kitabu chake kwa mdomo, majirani wakapokezana kumwandikia. Siku ya kukizindua, Mize, fundi cherehani wa mtaani, alimpakatisha kitabu kinene kama mto wa kulalia.

"Hiki chako, dada. Kwa nukta nundu, usome mwenyewe. Tumejifunza mwaka mzima, wanawake wanane."

Tangu atoke shule ya bweni ya wasioona, Siwatu alikuwa hajagusa ukurasa wa namna ile. Akasoma kwa sauti, polepole, hadi pale kitabuni mama yake anapomwita aje ale kitumbua cha kwanza, kingali cha moto.

Akaacha kusoma.

"Tumekosea?" Mize aliuliza.

"Hapana. Niacheni hapa kidogo."

Vidole vyake vikarudi mwanzo wa mstari, vikaenda taratibu, na mama akaita tena.