Tumbo Lisilo na Alama

Daktari aliyasoma majibu ya vipimo mara mbili. "Damu tunayomwongezea binti yako ina madini ya chuma, na sasa yamemjaa moyoni. Ndiyo maana moyo unamwenda mbio."

"Lakini sindano ya kuyatoa anajichoma tumboni kila jioni," mama alisema. "Hujifungia chumbani, maana mimi sindano siwezi hata kuitazama."

Daktari akamwomba binti apandishe blauzi. Tumbo lilikuwa laini kama la mtoto mchanga, halina hata kovu moja la sindano.

Mama alimgeukia binti yake.

"Nilichoka, mama," binti alinong'ona. "Nilitaka na mimi niwe kama wenzangu."

Mama alikwenda kunawa mikono, kisha akanyoosha kiganja.

"Naomba hiyo sindano, daktari. Nionyeshe pa kuchoma."