Samaki wa Masjala

Siku ya tatu tangu samaki wa meneja wahamie masjala, karani Mbuke aligusa kabati la mafaili akarushwa hadi ukutani. Alipoweza kusema tena, alisema jambo moja tu: hagusi faili la mtu hadi fundi umeme wa kiwanda aitwe.

Fundi huyo, Leodgar, alikuja na testa yake. Juu ya kabati lile la chuma lilikaa tangi la kioo lenye samaki watatu wa baharini, wenye mistari ya njano. Juu ya tangi zilining'inia balbu mbili kubwa. Kila mapovu yalipopasuka, matone yaliruka hadi kwenye soketi, yakakauka, yakaacha chumvi. Sasa chumvi ilikuwa imeganda kwenye waya kama ukoko wa ugali.

"Maji ya chumvi yanapitisha umeme kama waya wenyewe," alimwambia Mbuke. "Una bahati."

Hiki kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga, mwaka 1974. Meneja, Ndugu Donatus, aliletewa samaki hao kwa treni kutoka pwani, pamoja na madebe ya maji ya bahari. Mjini watu walipanga foleni ya maji ya kunywa. Samaki wa meneja waliletewa kwa behewa maji yasiyonyweka. Kila mgeni alionyeshwa tangi, kisha akahadithiwa jinsi Ndugu Donatus alivyosomea sayansi ng'ambo. Mwezi ule aliamuru lihamishwe kutoka ofisini kwake hadi masjala. Alisema ofisi yake ina joto, na samaki hawalipendi.

Leodgar akamfuata meneja ofisini.

"Ndugu Meneja, taa zile zipandishwe, zikingwe kwa kioo. Waya nao ulegezwe, ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni, lisiingie ndani. Nyuma ya ukuta ule ni ghala la marobota ya pamba. Cheche moja tu, na Mzee Jilala anayelinda kule hana pa kutokea."

Donatus alicheka taratibu. "Wewe umesomea wapi umeme, Leodgar?"

"Hapahapa, Ndugu. Kwa kushika."

"Mimi nimesomea darasani. Maji huzima moto. Sasa huo moto utaanzia wapi, kwenye lita mia mbili za maji?"

Leodgar aliambiwa asiguse chochote, na akigusa atafute kiwanda kingine. Alikuwa na watoto sita nyumbani, mtaa wa Kambarage, kwa hiyo hakugusa. Mbuke alianza kuja kazini na gambuti za mumewe, mvua ikiwa haijanyesha kwa miezi miwili, na ofisi nzima ikapata cha kuchekea.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka makao makuu. Wakaguzi wa vyeti wangefika Jumatatu kupitia faili la kila mtumishi, kuanzia wafagizi hadi wakubwa. Ijumaa mchana Ndugu Donatus akafunga safari ya Dodoma, mkutanoni. Alikwishapanda Land Rover alipomwita Leodgar dirishani.

"Taa za samaki ziachwe zikiwaka hadi nirudi. Gizani watakufa."

"Ndiyo, Ndugu."

"Na mlango wa masjala ufungwe. Hawapendi kelele."

Gari lilipopotea vumbini, Leodgar aliingia masjala kuangalia mara ya mwisho. Alichokiona kilimfanya avute kiti. Kwenye kisanduku cha umeme fyuzi ilikuwa imetolewa, na mahali pake pamewekwa kipande cha waya mnene wa kufungia marobota. Nyuma ya tangi, chini kabisa ya ile soketi yenye chumvi, lilikuwa limeshindiliwa gunia la pamba.

"Nani kaweka hivi?"

"Meneja mwenyewe, leo asubuhi," Mbuke alisema. "Anasema samaki wanasikia baridi. Juzi walikuwa wanakimbia joto."

Leodgar alitikisa kichwa. "Mtu kasoma hadi ng'ambo, na hajui kazi ya fyuzi ni kukata umeme kabla ya moto."

Kuacha vile kulikuwa kumchoma Mzee Jilala. Kugusa kulikuwa kufukuzwa kazi. Leodgar aliwahesabu wanawe mmoja mmoja kwa majina, kisha akainuka akazima swichi kuu. Alitoa gunia, akaweka fyuzi, akakwangua chumvi, akapandisha taa na kuzikinga kwa kioo cha dirisha kuukuu. Kabati akalifungia waya wa ardhi, lisimrushe mtu tena. Mwisho akawasha taa, maana agizo lilikuwa agizo.

"Usimwambie mtu," alimwomba Mbuke. "Nitakiri mwenyewe akirudi."

Jumamosi ilinyesha mvua kubwa na simu ya kiwanda ikakatika, hata aliyepiga kutoka mbali hakuipata. Jumapili, kanisani, Leodgar hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alikuwa akipanga maneno ya kuomba msamaha.

Jumatatu saa mbili wakaguzi wawili walikuwa masjala wakinywa chai. Mkubwa wao, Bwana Ansgar, alizitazama taa za samaki. "Waya uliofungwa vizuri hivi sijauona hata makao makuu," alisema.

Ndipo ikaletwa telegramu kutoka Dodoma, imeandikiwa wafanyakazi wote. Leodgar aliamini mtu amekwishamchongea kwa meneja. Alimkabidhi Bwana Ansgar bila kuifungua, aisome yeye. Bwana Ansgar akaisoma kwa sauti:

"POLENI SANA KWA MOTO. NASIKITIKA MAFAILI YOTE KUTEKETEA. WAKAGUZI WARUDI KWAO. DONATUS."

Bwana Ansgar alitazama dari, akatazama samaki, akaweka kikombe chini.

"Dada," alimwambia Mbuke kwa upole, "tuanze na faili la meneja."