Chumba Namba Kumi na Nne

Zawena alimshika mumewe mkono wakasimama mbele ya uzio wa mabati. Hoteli ilikuwa imebomolewa tangu mwezi uliopita, lakini alimleta hivyo hivyo. Kibwana alibeba mizigo ya wageni hapo miaka thelathini na mbili, huenda mtaa ungemrudishia kumbukumbu.

Ulimrudishia. "Pale kinyozi," alisema, akionyesha duka la simu. "Pale fundi saa, yule mwenye kigugumizi. Na kwenye kona ile kulikuwa na binti wa vitumbua. Alikuwa akiviunguza kila asubuhi kwa kunitazama mimi."

Zawena alitazama kovu la mafuta ya vitumbua mkononi mwake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba Rukia, huyo binti anaitwa nani?"

Kibwana akamgeukia kwa adabu ya kazini. Enzi zake hakumuuliza mgeni jina, alimuuliza chumba.

"Samahani, mama. Umefikia chumba namba ngapi?"

Zawena aligeukia uzio. Kupitia pengo la mabati aliona shimo lililojaa maji ya mvua.

"Kumi na nne," alisema.

"Hicho kina upepo mzuri." Akampokea mkoba wake mdogo, akauweka begani kama sanduku zito, akatangulia hadi kwenye lile pengo. Hapo akasogea pembeni, akanyoosha mkono kuelekea shimoni.

"Karibu ndani, mama. Na ukitaka vitumbua, niambie nikakuletee. Yule binti hakosekani pale konani."